Kabla ya kumwaga dawa kwenye tangi la maji ya bahari

"Fundi, dawa yake ni gani?" Swali hilo hunijia karibu kila tangi la maji ya bahari linapoanza kubadilika rangi, na aghalabu huandamana na picha ya simu iliyopigwa usiku, taa za bluu zimewaka, huoni ndani ila wingu. Nami hujibu kwa kuuliza: hicho kinachoota, ukikigusa kinabanduka, kinang'ang'ania, au kinapeperuka? Mteja hununa kidogo. Alitaka jina la chupa akanunue, yaishe.

Mimi hutunza matangi ya maji ya bahari hapa Mombasa. Mengine ni ya mikahawa, mengine ya hoteli, moja liko kliniki ya meno, na machache ni ya watu binafsi wenye moyo wa kulipia stima ya pampu usiku na mchana. Bahari tunayo mlangoni, lakini tangi si bahari. Lita 400 zilizofungwa ndani ya vioo hazina mawimbi, hazina kupwa wala kujaa, na unachotia humo hubaki humo mpaka ukitoe kwa mkono wako. Nimeona pesa nyingi zikimwagwa majini kutafuta dawa ya "ule uchafu", ilhali uchafu wenyewe una namna kadhaa, na tiba ya namna moja huweza kuilisha nyingine.

Nianze na ulio mwepesi. Tangi jipya, wiki ya pili au ya tatu, hutandwa na vumbi la kahawia mchangani na kwenye vioo. Ukipitisha kidole linatoka mara moja, maji yanatibuka kidogo, kesho limerudi. Hizo ni diatomu, viumbe vya seli moja vinavyojijengea maganda ya silika, na silika ndiyo inayoviita. Mchanga mpya unayo, na maji yetu ya kujazia pia. Bomba linaloleta maji Mombasa kutoka chemchemi za Mzima hubeba maji yaliyopenya miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu, na maji ya miamba ya namna hiyo hayakosi silika. Ya visima vya kisiwani ndiyo usiseme; hayo wenyewe twayaita maji ya chumvi, na hata chai hayafai.

Ubaya wake hauonekani siku moja. Kwa joto letu tangi hupungua maji kila siku, na kinachoondoka ni mvuke peke yake; vilivyoyeyuka vyote hubaki. Ukijazia kwa maji ya mfereji, kila ndoo inaongeza silika, pamoja na fosfeti na naitreti (chumvi za fosforasi na nitrojeni zinazolisha mwani), juu ya zilizokuwamo. Mimi hununua maji kwenye vibanda vinavyouza maji yaliyochujwa kwa mashine, lakini simwagi kabla sijatumbukiza kalamu ya kupimia vitu vilivyoyeyuka. Baadhi ya vibanda huyarudishia madini ili yawe na ladha mdomoni, na hayo si ya tangi. Kalamu ikisoma karibu na sifuri, nalipa. Ikisoma 80, namrudishia mwenye kibanda mtungi wake na tunaagana kwa wema. Vumbi lenyewe huwaachia konokono, na silika ikisha huondoka. Anayekuuzia dawa ya vumbi la tangi jipya amekuona mgeni.

Ute mwekundu ni habari nyingine. Tangi lililonifundisha mengi juu yake ni la mkahawa mmoja wa Nyali, lililowekwa pale ambapo wageni hungojea meza. Asubuhi ukilitazama mchanga ni mweupe, huamini kwamba lina shida. Saa sita mchana pembe ya kushoto, nyuma ya jiwe kubwa, huanza kupata wekundu wa zambarau. Ikifika saa kumi utando umeshakamilika, umefunika mchanga na kupanda jiwe, na juu yake zimening'inia chembe za hewa, viputo vidogo vinavyong'aa kwa taa. Ukiuinua kwa ncha ya mpira hubanduka kipande kizima kama utandu wa maziwa yaliyopoa, na chini yake mchanga una harufu ya tope la mikoko. Usiku hunywea. Kesho yake unaanza upya, na kila siku eneo lake limepanuka kwa upana wa vidole viwili.

Kitu hicho si mwani. Ni bakteria, sayanobakteria kwa jina la vitabuni, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea ifanyavyo. Vile viputo ni oksijeni wanayoitoa. Ukoo wao ni wa kale kupita kiasi. Wao ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, kabla hakujawa na samaki wala mtu wa kumfuga. Humfahamisha hayo mteja anayetaka "kuwamaliza kabisa". Hawamalizwi. Wamo kwenye kila tone la bahari, na kazi iliyopo ni kuwanyima mahali pa kukaa.

Pale Nyali mahali penyewe palikuwa wazi kwa mwenye kutazama. Nyuma ya lile jiwe maji yalikuwa yamelala. Nilidondosha chembe chache za chakula pembeni nikazifuata kwa macho: upande wa kulia zilizungushwa mara moja, upande wa kushoto zilishuka pole pole zikatua, hazikuinuka tena. Na chakula chenyewe hakikuwa haba. Jikoni palikuwa na mpishi mpenda watoto, mtu mzuri sana, aliyekuwa akitoka na vichwa vya kamba na vipande vya ngisi kila familia ilipokuja, watoto wakashangilia. Samaki walikula walichoweza, kilichobaki kilisukumwa na maji hadi kwenye ile pembe kikaozea hapo. Maji ya kamba aliyegandishwa peke yake, yale yanayochuruzika akiyeyuka, yana fosfeti ya kutosha. Mimi huyamwaga kwenye sinki na kumsuuza kamba kabla hajaingia tangini.

Nilipopima nilikuta fosfeti iko juu na naitreti karibu hakuna. Hapo pana jambo ambalo wengi hulipuuza. Mwaka 1934 mwanasayansi Mmarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba viumbe vidogo vya baharini na maji yanayovizunguka vina uwiano wake wa nitrojeni na fosforasi, ambao baadaye ulikuja kuwekwa kuwa chembe 16 kwa 1. Tangi halihitaji kufuata hesabu hiyo kwa usahihi, lakini uwiano ukipinda sana, fosfeti tele na naitreti hakuna, mwani wa kawaida unakosa kitu cha kujengea mwili, wakati baadhi ya sayanobakteria wanao uwezo wa kuchukua nitrojeni iliyoyeyuka majini kutoka hewani. Wenzao wakilala njaa, wao wanakula. Ndiyo maana fundi anayeondoa naitreti tu, akaiacha fosfeti, hushangaa ute unanenepa.

Tiba yake ilikuwa ya mikono. Utando huvutwa kwa mpira wakati umekomaa, alasiri, si asubuhi ambapo hakuna cha kushika. Mpira uwe mwembamba kama kidole cha mwisho, ili uuchukue utando bila kumeza mchanga wote, na ncha ya pili niliifunga soksi safi ya nailoni ndani ya ndoo: ute ukabaki ndani ya soksi, maji yakarudi tangini. Kisha pampu. Sikuongeza mpya, nilisogeza iliyokuwepo ipulizie nyuma ya jiwe, nikafungua ya pili ambayo wavu wake wa mbele ulikuwa umezibwa na chokaa, nikailoweka kwenye siki mpaka ikazunguka vizuri. Kwa tangi la matumbawe napenda pampu zizungushe maji yote angalau mara 20 kwa saa, na hata hivyo hesabu hiyo haina maana kama pembe moja imesahauliwa.

Halafu giza. Taa zizimwe siku tatu mfululizo na tangi lifunikwe shuka, chakula kipunguzwe, hewa iongezwe. Mwenye mkahawa alipinga. "Fundi, Ijumaa mpaka Jumapili tangi limevishwa shuka, wageni watauliza nani amefariki?" Tukakubaliana Jumatatu hadi Jumatano. Shuka lilipoondolewa mchanga ulikuwa mweupe, samaki wazima, matumbawe yamenywea lakini hai, na mwenye mali akataka kusherehekea. Nikamwomba angoje. Giza hudhoofisha utando, haliondoi fosfeti wala halimzuii mpishi. Mpishi mwenyewe tulimalizana naye kwa heshima: nilimwachia kijiko kimoja kidogo na kopo la chakula kikavu, awalishe watoto wakitazama, mara moja kwa siku, na vichwa vya kamba vikarudi kwenye supu vinakostahili. Taa zikawekewa taima ziwake kwa muda wa saa nane tu kwa siku. Wekundu ulipungua wiki kwa wiki, ukarudi kidogo, ukapungua tena, mwishowe ukabaki kijidoa nyuma ya pampu ambacho sikijali.

Njia ya mkato ipo, nami naijua vizuri kwa sababu ilinibidi kuifuta sakafuni. Ile kliniki ya meno ilikuwa na ute kama huo, na kabla sijaitwa, mtu alikuwa amewashauri wasage vidonge vya erithromaisini kutoka duka la dawa, wamwage. Ni kweli dawa hiyo huua sayanobakteria, maana ni bakteria, na chupa kadhaa zinazouzwa nje kwa jina la kiondoa ute mwekundu hufanya kazi kwa njia inayofanana. Lakini nilipofika asubuhi samaki wote walikuwa juu, midomo kwenye uso wa maji, wakihema. Skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, ilikuwa imefurika usiku kucha na povu limetambaa hadi chini ya viti vya wagonjwa. Dada wa mapokezi alikuwa amesimama juu ya magazeti.

Sababu yake si siri. Utando mzima ulikuwa umekufa kwa pamoja, na kilichokufa kikioza kinakula oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 27 hata yakishiba hewa hubeba miligramu 6 na nusu hivi tu za oksijeni kwa lita, kwa hiyo akiba ya kuchezea hakuna. Tulitia pampu mbili za hewa, tukabadilisha sehemu ya tano ya maji, tukanyonya maiti ya ute, tukarudisha kaboni ya kuchuja mabaki ya dawa. Samaki karibu wote walipona. Miezi michache baadaye ute ulikuwa umerudi pale pale, kwa kuwa maji yalikuwa bado yamelala pale pale. Mimi dawa ya kuua bakteria naiweka mwisho kabisa wa orodha, na zaidi ya samaki nafikiria pia yale maji ya ndoo yanakwenda wapi. Yanakwenda kwenye mtaro, na mtaro wa Mombasa unakwenda baharini. Tusiwafundishe bakteria wa huko kuzoea dawa tunazowapa watoto wetu.

Mwani wa nyuzinyuzi, ule wa kijani unaoota juu ya mawe kama nywele, umenipeleka kwenye historia ya mji. Mombasa imejengwa kwa jiwe la matumbawe. Kuta za Mji wa Kale ni mifupa ya miamba ya kale iliyochimbwa nchi kavu. Mtu akitaka kupamba tangi, jiwe hilo ndilo la karibu na la bei nafuu, na halivunji sheria kama kung'oa tumbawe hai baharini. Nalipenda, nalitumia. Ila jiwe la chokaa hushika fosfeti ikaingia mwilini mwake, na jiwe lililokaa miaka kwenye uwanja wa kuku au kando ya shimo la choo huja limeshiba. Ukiliweka kwenye maji safi linaanza kuitema taratibu. Mteja wangu mmoja alikuwa akipima fosfeti kila Jumamosi na kupata kidogo sana, huku mawe yake yamevaa manyoya ya kijani ya urefu wa kidole. Kipimo hakikusema uongo. Fosfeti ilikuwa ikitoka jiweni na kuliwa na mwani kabla haijafika kwenye chupa ya kupimia.

Siku hizi jiwe kama hilo hulisugua kwa brashi ngumu, nikaliloweka kwenye pipa la maji ya bahari lenye pampu, gizani, nikibadilisha maji na kupima mpaka fosfeti iache kupanda. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Mwenye haraka huweka chembechembe za oksidi ya chuma kwenye kichujio zimeze fosfeti, na zinameza kweli. Nitazirudia hapa chini kwa sababu zina hila. Kwa mwani uliokwisha kuota, ng'oa kwa mkono nje ya maji kadiri unavyoweza, kisha waite walaji. Tasi mdogo hufanya kazi nzuri, ni samaki wetu, hula mwani tangu alfajiri; mshike kwa uangalifu tu kwani miiba yake ina sumu na mvuvi yeyote atakusimulia usiku aliochomwa. Kangaja naye ni hodari, ila anataka tangi refu la kukatia mbio, na kumtia kwenye lita 150 ni kumwonea. Konokono na nungunungu wa baharini husafisha usiku. Lakini asikudanganye mtu kwamba kuna mnyama atakayekulia ute mwekundu. Wengi wao huupitia mbali.

Sasa lile lililobadilisha kabisa namna ninavyofanya kazi. Nyumbani kwa mzee mmoja, mhasibu mstaafu, palikuwa na tangi safi kuliko yote niliyowahi kutunza. Mzee alikuwa na daftari. Kila kipimo kiliandikwa kwa kalamu ya wino, na safu za naitreti na fosfeti zilikuwa sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima. Zile chembechembe za chuma alizibadilisha kabla hata hazijachoka, skima ilikuwa kubwa mara mbili ya tangi, samaki walikula kwa hesabu. Kisha ukatokea ute wa kahawia, wenye nyuzi ndefu zinazoelea, kila uzi una kiputo nchani. Akausafisha. Ukazidi. Akabadilisha maji mengi. Ukazidi zaidi. Konokono wakaanza kuanguka kutoka kwenye vioo, mmoja mmoja, na wale waliojaribu kuula ndio waliotangulia kufa.

Kwa jicho tupu ungeapa ni diatomu zilizoungana, au sayanobakteria wa rangi nyingine. Nilichota ute kwenye chupa, nikautikisa mpaka ukavunjika, nikauchuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, yale maji yaliyopita nikayaacha chini ya taa. Baada ya saa moja hivi nyuzi zilikuwa zimejisuka upya ndani ya chupa, peke yake. Diatomu hazifanyi hivyo. Binamu yangu ni msimamizi wa maabara katika shule ya upili, nikampelekea tone moja chini ya hadubini, tukaliangalia kwa ukuzaji wa mara 400. Hapakuwa na nyuzi zilizotulia za bakteria. Palikuwa na vidudu vyenye umbo la mbegu ya ufuta, ncha moja imechongoka, kila kimoja kimejishikiza mahali na kuzunguka hapo hapo bila kuchoka. Dinoflajelati, viumbe vya seli moja, wa jamii ya Ostreopsis. Binamu alikaa kwenye kigoda akitazama mpaka kengele ya wanafunzi ikalia.

Hawa hushamiri pale maji yanapokuwa na njaa. Naitreti na fosfeti zikifika sifuri kabisa, bakteria wema na mwani wa kawaida wanaogombea nafasi juu ya mawe hufifia, na dinoflajelati, ambao wana njia nyingi za kujipatia riziki, ikiwa ni pamoja na kuwala viumbe wengine, hurithi uwanja. Kila mzee alipobadilisha maji na kuongeza chembechembe alikuwa akiwafukuza wapinzani wao. Kwa hiyo dawa niliyomwandikia ilikuwa kinyume cha yote niliyofanya Nyali: toa chembechembe za chuma, punguza skima, lisha samaki mara mbili zaidi, acha kubadilisha maji kwa muda, na tuongeze naitreti na fosfeti kidogo kidogo mpaka zisomeke, naitreti kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfeti karibu 0.1.

Mzee aliifunga kalamu yake. "Yaani nikulipe uje kuyachafua maji?"

Nilimweleza polepole, akasikiliza kama anakagua hesabu za mtu asiyemwamini, kisha akakubali kwa sharti kwamba kila kitu kitaandikwa. Tuliongeza kitu kimoja kilichosaidia sana. Ostreopsis huachia mawe usiku na kuelea majini. Ukiwasha tochi saa nne za usiku unaona mawe yamekuwa safi ghafla. Basi tukaazima taa ya miale ya urujuanimno inayoua vidudu, iliyo ndani ya bomba, maji ya tangi yakapitishwa humo usiku kucha moja kwa moja, nasi tukazima taa za juu siku tatu. Wangekuwa Amphidinium, dinoflajelati wa jamii nyingine wanaojificha mchangani na hawaelei, taa hiyo ingekuwa kazi bure, na ndiyo sababu ya kusumbuka na hadubini. Nyuzi zilikatika ndani ya wiki ya kwanza. Kisha mwani wa kijani ukaota kwenye vioo, mwepesi, na nikamwambia mzee asiuguse. Aliuandika daftarini kwa wino mwekundu.

Jambo moja la hatari hapo. Fundi wengi wa huku, pamoja na mimi enzi hizo, tulizoea kuvuta maji kwa mdomo ili mpira uanze kutiririka. Ostreopsis wana sumu ya ukoo wa palitoksini, na hiyo si ya kuonja. Tangu siku ile nina pampu ndogo ya mkono na glavu ndefu, na vidonda vya vidoleni navifunga kabla ya kuzamisha mkono kwenye tangi lolote lenye ute nisioujua. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani kule Unguja wanaijua habari kama hii upande wao: msimu wa joto huota kwenye kamba zao nyuzi za sayanobakteria zinazowasha ngozi, na si mzaha.

Maji ya bahari yenyewe nayo yana wakati wake. Mimi huchota maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua, upande wa bahari kuu ambako mawimbi ya nje ya mwamba yanaingia. Maji mafu sichoti, na kwenye hori sichoti kabisa. Mito ya Kombeni na Tsalu humwagikia Tudor pamoja na mitaro ya mji, na upande wa Makupa kulikuwa na jaa la Kibarani kwa miaka mingi; mvua za mwaka zikishuka, maji ya huko huwa na rangi ya chai. Hata yale mazuri huyaweka kwenye pipa lililofunikwa, pampu ikizunguka, kwa wiki mbili hivi kabla ya kuyatumia, na nayapima chumvi: 35 kwa elfu ndiyo ninayoitaka. Mvua ikinyesha sana ufukweni hushuka chini ya hapo na mtu asiyepima hajui.

Stima ikipotea saa kadhaa, weka hewa kwa pampu ya betri na usilishe. Mengine yatangojea.

Vifaa vya kupimia navyo vinataka kupimwa. Chupa za kemikali huandikwa tarehe ya mwisho, lakini aliyeiandika hakuhesabu gari lililoegeshwa juani Mwembe Tayari mchana kutwa. Joto huziharibu mapema, na zikiharibika husoma sifuri kwa upole kabisa. Zangu husafiri kwenye kijisanduku chenye barafu. Nikisoma fosfeti sifuri mbele ya tangi ninalolitilia shaka, natia punje moja ya mbolea ya DAP, yenye fosfeti tele, kwenye glasi ya maji, naikoroga, napima glasi hiyo kwanza. Rangi ya bluu ikikoza, kipimo kizima na sifuri ya tangi ni ya kweli. Glasi ya mbolea ikisoma sifuri pia, natupa chupa, na tangi siligusi mpaka ninunue nyingine.